Klachi Isiyo na Katikati

Alikuwa mwalimu wa udereva, na mji mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo lilimtoka kinywani kutwa nzima kama matone ya bomba bovu. Taratibu klachi. Taratibu mafuta. Taratibu kona, kuna mama na mtoto. Alilisema garini, alilisema mezani wanawe pacha walipogombania nyama, na aliwahi kulisema kwenye kiti cha kinyozi wembe ulipokaribia sikio, kinyozi akacheka mpaka akamkata.

Miguu yake nayo ilikuwa na maradhi ya kazi. Gari la mafunzo lina pedali pande mbili, za mwanafunzi na za mwalimu, zilizounganishwa kwa vyuma chini ya sakafu: mmoja akikanyaga huku, ya mwenzake inashuka kule. Miaka yote ya kukaa kiti cha pembeni ilimzoeza kukanyaga breki za watu wengine. Kwenye basi alikanyaga sakafu. Kwenye kochi, akitazama mpira, alikanyaga zulia kila mshambuliaji alipokaribia goli, na kwa kweli timu yake ilikuwa haifungi. Mkewe alisema kulala na mwalimu wa udereva ni sawa na kulala na punda mwenye adabu: anapiga teke, ila kwa heshima.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la zamani, lenye kibao chekundu cha mwanafunzi juu ya paa. Injini yake ilikuwa na nguvu ya kukwepa aibu, si zaidi ya hapo. Likiwa na watu watatu lilipanda mlima kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la shemeji wa jirani yake.

Lakini Taratibu hakujivunia gari. Alijivunia katikati.

"Klachi ina juu, ina chini, na ina katikati," aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza, kidole kimoja hewani. "Chini gari limelala. Juu gari limeondoka. Uungwana wote wa dereva uko katikati, pale klachi inapoanza kushika. Kaa hapo. Usiende popote. Sikiliza."

Basi wanafunzi walikaa hapo. Walikaa na mguu nusu juu nusu chini, gari likitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, huku mwalimu amefumba macho akisikiliza. Wengine walikaa katikati muda mrefu mpaka wakamsimulia habari za ndoa zao. Na kwa kuwa klachi inayoshika nusu na kuteleza nusu huungua, klachi za Taratibu ziliungua moja baada ya nyingine. Harufu ilipopanda juu ya kuta za mtaa, majirani waliondoa nguo kwenye kamba. Walijua somo limeanza.

Aliyekuwa akibadilisha klachi hizo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha mbao. Fundi huyu alikuwa mpenzi wa mashindano ya magari. Hakuwahi kushindana, ila alivaa kofia ya mashindano, alikunywa chai kwenye kikombe chenye picha ya gari la mashindano, na alimwita kila mteja "dereva", hata aliyeleta toroli lenye pancha.

Mke wa Taratibu, ambaye watu walimwita Mama Pacha, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alikuwa mezani pa kufungia, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akiingiza mikate kwenye mifuko tangu pacha wake walipokuwa wachanga. Mikate ilikuja moto kutoka mkono wa kushoto, ikaondoka kwa mkono wa kulia, na habari zake zikaishia hapo. Dereva wa gari la mikate alipostaafu kwa maumivu ya mgongo, Mama Pacha alikwenda kwa bosi kabla mtu mwingine hajafikiria.

"Una leseni?" bosi aliuliza.

"Mume wangu ni mwalimu wa udereva."

"Mimi mke wangu ni muuguzi, lakini sijui kuchoma sindano. Leta leseni kabla mwezi haujaisha, gari ni lako. Usipoleta nampa mpwa wangu. Na mpwa wangu, mama, hata baiskeli humkataa."

Usiku huo alimweleza mumewe, naye akauliza kwa nini anaitaka sana kazi hiyo, maana mshahara haukupishana sana. Mama Pacha alifikiri kidogo.

"Nataka kuona mikate inakokwenda," alisema.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha alikuwa ameshindwa kumfundisha mtu anayelala naye kitanda kimoja. Mganga hajigangi, walisema majirani. Mama Pacha alikuwa ameanguka mtihani mara mbili, na mara zote mbili mahali palepale: kwenye mwinuko. Ofisi ya leseni ina kilima cha saruji uani. Mtahiniwa husimamisha gari katikati ya kilima, kisha huondoka kupanda. Gari likirudi nyuma, umeanguka. Mama Pacha alikwenda katikati ya klachi kama alivyofundishwa, akasikiliza kama alivyofundishwa, na akiwa bado anasikiliza gari likarudi nyuma kama maji.

Mtihani wa tatu ulikuwa umepangwa wiki ya mwisho ya mwezi, na baada yake hapakuwa na nafasi nyingine. Katika kujiandaa, Mama Pacha alikaa katikati siku nzima kwenye kimwinuko cha nyuma ya shule ya msingi, mpaka moshi ukatoka chini ya gari na mwalimu mkuu akawatoa watoto madarasani akidhani kuna moto.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji.

"Umechoma nyingine, shemeji?" fundi aliuliza, amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Sikuchoma mimi. Dada yako ndiye."

"Dada yangu hajawahi kuunguza hata sufuria. Ni wewe na katikati yako." Alitoka chini, akafuta mikono. "Hii haijaungua tu. Hii imekuwa majivu. Ungeweza kuipandia mboga."

Taratibu alikaa kwenye tairi kuukuu akashika kichwa. "Anaingia kwenye mtihani mwisho wa mwezi. Nitafutie klachi isiyoungua, shemeji. Basi. Sitaki kingine duniani."

Fundi alikwenda nyuma, kwenye kona yenye turubai, akalifunua. Chini yake palikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya mafuta, palikuwa na vyuma vinavyong'aa kama vyombo vya bibi harusi.

"Hivi vilikuwa vya mtu wa mashindano," alisema kwa sauti ya chini. "Aliviagiza kutoka mbali. Vilipofika, alikuwa ameacha mashindano akaanza kufuga kuku. Sasa anasema kasi ni upumbavu. Akaniambia, kaa navyo, fundi, kuku hawahitaji klachi."

Alitoa sahani ya klachi. Haikuwa duara nzima kama zile za kawaida. Ilikuwa na mabawa manne ya shaba, na springi zake zilikuwa nene kama vidole.

"Haiungui?" Taratibu aliuliza.

"Hii? Ukitaka kuiunguza, omba likizo kazini kwanza."

"Ifunge."

"Subiri nikuambie na upande wa pili. Hii haina katikati, shemeji. Inashika au inaachia, kama mamba. Umewahi kumwona mamba akishika nusu?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mtu aliyeishi kwa kufundisha katikati aliambiwa waziwazi kwamba klachi hii haina katikati, na neno pekee aliloondoka nalo gerejini lilikuwa "haiungui".

Kesho yake asubuhi alimketisha mkewe kwenye usukani, akakaa upande wake, akamwambia akanyage klachi. Mama Pacha alikanyaga. Pedali haikwenda. Alikanyaga tena, akiinuka kidogo kitini, na kilichosogea kilikuwa kiti.

"Imekwama," alisema.

"Haijakwama. Springi ni imara. Ngoja nikusaidie." Taratibu aliweka mguu kwenye pedali yake. "Tayari? Moja, mbili, kanyaga."

Walikanyaga pamoja kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Pedali zilishuka. Mama Pacha akaingiza gia. Kisha wakaachia, yeye taratibu, mume taratibu zaidi, na mahali fulani kati ya taratibu hizo mbili mamba akafunga kinywa. Gari liliruka kama panzi, likavuka barabara, likasimama pua ikiwa ndani ya ua wa jirani, mbele ya jirani mwenyewe aliyekuwa akipiga mswaki.

"Karibuni," jirani alisema, povu mdomoni.

Walirudia. Waliruka. Walirudia. Jioni, giaboksi ilianza kutoa sauti ya mtu anayetafuna kokoto.

"Ni haki yake," fundi alisema, naye sasa alikuwa na furaha asiyoweza kuificha. "Klachi ya zamani ilikuwa na huruma. Mwanafunzi akikosea, inateleza, giaboksi inapumua. Huyu mpya hana huruma. Kila teke linafika nyuma kama lilivyotumwa. Tuweke giaboksi ya mfuga kuku."

Giaboksi ya mfuga kuku ilikuwa na meno yaliyonyooka, ya mashindano. Haikuvunjika, ila ililia. Gari likitembea mwendo wa bata, ndani ya giaboksi kulisikika kama ndege inapaa. Kisha propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ikapinda. Ikawekwa ya mfuga kuku. Nguvu iliyoshindwa kupinda propela ikahamia kwenye difu. Ikawekwa difu ya mfuga kuku, inayolazimisha magurudumu ya nyuma yazunguke sawasawa hata kwenye kona, kwa hiyo kila kona sasa tairi zilipiga yowe. Mwisho zikaja ekseli. Mwisho wa mwisho, sanduku lilikuwa tupu, na fundi alisimama mbele ya gari la mafunzo ameshika kofia yake kifuani.

"Kila kitu cha mashindano," alisema. "Isipokuwa injini."

"Injini je?"

"Injini ni ileile. Ni kama nyumba ya ghorofa yenye taa moja."

Wanafunzi wengine hawakusamehewa. Fundi cherehani mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alijipima shavu la mguu wa kushoto kwa futi yake mwenyewe na kukuta limelipita la kulia, ikabidi ajishonee suruali yenye mguu mmoja mpana. Bwana harusi mmoja alikwenda kwenye harusi yake akichechemea, na katika picha zote anaonekana ameinama kuelekea kwa wakwe kana kwamba ana ombi. Hata hivyo vijana ambao zamani walipita shule ya Taratibu wakicheka walianza kusimama mlangoni na kuuliza masomo yanaanza saa ngapi. Walikuwa wamelisikia gari.

Na askari wa barabarani alikuwa amelisikia pia. Aliwasimamisha karibu na soko, Mama Pacha akiwa kwenye usukani.

"Mlikuwa mnakimbia," alisema.

"Tulikuwa tunaegesha, afande," Taratibu alijibu.

"Nimesikia kwa masikio yangu. Mama, ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

"Yule mzee mwenye fimbo alitupita," Mama Pacha alisema, akimwonyesha.

Askari alimtazama mzee, ambaye alikuwa mbele kweli na bado anakwenda. Alilizunguka gari. Alipiga kibao chekundu kwa kidole. Alimwomba Mama Pacha asogee kidogo, gari likalia kama king'ora na kusogea kidogo. Askari alifikiri kwa muda mrefu, kisha akatoa uamuzi.

"Basi mpunguze sauti ya mwendo," alisema, akaondoka kabla hawajamuuliza maana yake.

Keshokutwa ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Walikuwa mezani, pacha wakigombea kiti, Mama Pacha akigawa chakula. Aliuacha mwiko hewani.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Keshokutwa, kwenye kiti chako anakaa nani?"

"Mtahini."

"Na mtahini akigusa pedali, inakuwaje?"

"Umeanguka. Ndiyo sheria."

"Sasa nani atakanyaga na mimi?"

Pacha waliacha kugombea kiti. Taratibu aliona jambo lote kwa mara ya kwanza, kubwa kama lori linalokuja mbele yako kwenye barabara nyembamba. Tangu klachi mpya ifungwe, mkewe hakuwahi kuikanyaga peke yake hata mara moja. Alikuwa amemwandalia mke wake gari lisiloweza kuharibika, na kwa hilo akahakikisha kwamba hawezi kuliendesha.

Alikimbia gereji bila viatu. Fundi alikuwa anafunga mlango.

"Rudisha ya zamani."

"Shemeji, ya zamani ni majivu."

"Nunua nyingine kama ya zamani."

"Haiingii kwenye giaboksi ya mfuga kuku. Na giaboksi yako niliwapa watu wa vyuma chakavu. Mpaka nitafute nyingine, wiki mbili."

"Na kubadilisha gari?"

"Wewe ndiye mwalimu. Unaijua sheria kuliko mimi."

Aliijua. Mtahiniwa hufanya mtihani kwa gari aliloandikishwa nalo. Alirudi nyumbani akitembea, na njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga mapema kuliko wa kushoto, kama mtu anayejaribu kusimamisha usiku.

Mama Pacha hakumlaumu. Hilo lilimuuma zaidi. Asubuhi alichukua ufunguo, akakaa kwenye usukani uani, na mumewe alipofungua mlango wa pili akamwambia, "Leo kaa nje, Mwalimu."

"Nikusaidie tu—"

"Umenisaidia vya kutosha."

Akasimama dirishani. Mama Pacha alipandisha kioo. Taratibu aliona midomo yake mwenyewe kwenye kioo, inasema neno lake lilelile, na hakuna aliyelisikia. Ndani, mkewe alijaribu kwa mguu mmoja, akashindwa. Alivuta breki ya mkono, akajaribu kwa miguu miwili, pedali ikashuka. Ila sasa hapakuwa na mguu wa kutia mafuta, na injini ikazimika. Alikaa akitazama vitufe vya mbele yake kimoja kimoja, kama mtu anayesoma majina makaburini. Kisha akateremka, akampita mumewe, akaenda gereji kwa kaka yake mdogo.

"Hiki cha kuvuta, pale chini ya usukani, ni cha nini?"

"Choki? Ya asubuhi za baridi. Ukiivuta, injini inapanda yenyewe bila mguu. Kwa nini, dada?"

"Basi tu," alisema Mama Pacha, na alirudi uani akafunga tena kioo. Mchana kutwa mtaa ulisikia gari la mashindano likiruka hatua moja, likitulia, likiruka hatua moja, likitulia. Jirani alihamishia meza yake ya uani ndani.

Siku ya mtihani, ua wa ofisi ya leseni ulijaa. Watahiniwa walisimama kivulini kwa mstari, walimu wao kando wakijifanya hawajali. Fundi alikuja na kofia yake. Mtahini alikuwa mtu mwembamba, mkimya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka wala akikasirika. Alikuwa na desturi moja inayojulikana mji mzima: kwenye kilima, gari likishasimama, aliteremka, akaweka kiberiti kitupu nyuma ya gurudumu, akarudi kitini. Kiberiti kikisagika, umeanguka. Hakubishana na mtu. Alikuonyesha kiberiti tu.

Mama Pacha aliondoka kwa kishindo kilichofanya mstari mzima urudi nyuma hatua moja. Baada ya hapo hakusimama tena. Kwa kuwa kila kusimama kulimaanisha kukanyaga, alikuwa ameamua kutokanyaga. Alizunguka mapipa yaliyopangwa uani bila kusimama. Alipoona mtu mbali anataka kuvuka, alipunguza mapema, gari likatambaa huku likipiga mayowe ya mashindano, mtu akavuka kwa hofu, gari likaendelea. Taratibu, amening'inia kwenye uzio, alijikuta anamtazama kama mtu asiyemjua. Hakuwahi kumfundisha kuona mbali namna ile.

Kisha kilima. Gari likapanda mpaka katikati, likasimama. Breki ya mkono ikalia. Mtahini aliteremka na kiberiti chake, akakiweka nyuma ya gurudumu kwa uangalifu wa mtu anayetega panya, akarudi, akafunga mkanda.

"Endelea, mama."

Mama Pacha alivua viatu. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, hakuona pa kuviweka.

"Nishikie, tafadhali," alisema, akamwekea mtahini mapajani.

Alivuta choki. Injini ikapanda. Akakanyaga klachi kwa miguu yote miwili, mgongo umeegemea kiti, akaingiza gia, na mkono mmoja ukashika breki ya mkono. Halafu akaachia breki na kutoa miguu yote miwili kwa pamoja.

Watu waliokuwepo wanasimulia tofauti. Wengine wanasema magurudumu ya mbele yaliinuka, jambo ambalo kwa injini ile haliwezekani. Kilicho hakika ni kwamba pedali ya upande wa mtahini iliruka juu ikampiga kwenye ugoko, kwamba gari lilimaliza kilima, na kwamba lilisimama upande wa pili, ng'ambo ya maua ya ofisi, injini imezimika na vumbi linashuka polepole juu ya kibao chekundu.

Kisha mlango ukafunguka, mtahini akateremka. Alikuja akichechemea mpaka kilele cha kilima na kushuka upande huu, viatu vya Mama Pacha bado viko mkononi. Alifika kwenye kiberiti. Alikiokota. Alikitazama juu, chini, pembeni. Alikifungua, akatazama ndani, akakifunga.

"Kizima," alisema.

Mama Pacha naye alikuwa amefika, peku, akihema.

"Sheria inasema gari lisirudi nyuma," mtahini aliendelea, kwa sauti ileile ya siku zote. "Kuhusu kwenda mbele, haikutaja kiasi." Aligeuka kuelekea uzio. "Mwalimu. Njoo."

Taratibu alikwenda. Nyuma yake, mstari wa watahiniwa ulisogea karibu kusikiliza, na wengi wao walikuwa wanafunzi wake.

"Nimekaa kazi hii mpaka mvi," mtahini alisema. "Wanafunzi wako wote nimewaona kwenye kilima hiki wakitetemeka katikati. Leo sijaona katikati. Nataka kuelewa kabla sijaamua. Hivi ndivyo unavyofundisha?"

Hapo dunia ya Taratibu ilisimama. Akisema hapana, mkewe amebahatisha, na aliyebahatisha hapewi leseni, hurudishiwa viatu vyake tu. Akisema ndiyo, neno lake la miaka yote, mbele ya watu aliowaambia uungwana uko katikati, limekwisha. Fundi alivua kofia. Mama Pacha hakumtazama mumewe kwa kusihi. Alimtazama kama anavyotazama mkate kabla ya kuufunga, kuona kama umeiva.

"Ndiyo," Taratibu alisema. "Ndivyo ninavyofundisha. Miguu miwili. Unatoa mara moja."

Kwenye mstari, fundi cherehani mwenye suruali ya mguu mmoja mpana alikaa chini.

"Ni njia ngeni," alisema mtahini.

"Ni njia mpya."

"Haya." Alimkabidhi Mama Pacha viatu vyake. "Umefaulu, mama. Lakini ukipita karibu na nyumba yangu, naomba upite polepole."

Njiani kurudi nyumbani hawakuzungumza, kwa sababu ndani ya gari lile hapakuwezekana kusikilizana. Walipofika, Mama Pacha alizima injini, akabaki amekaa.

"Umesema uongo kwa ajili yangu," alisema.

"Najua."

"Mbele ya wanafunzi wako."

"Jumatatu watakuja wote wanataka kuvua viatu." Alisugua uso. "Sijui nitawaambia nini."

Mama Pacha aliweka mkono begani mwake, akauacha hapo, kisha akaingia ndani kuwaangalia pacha.

Jumatatu alfajiri Taratibu alimsindikiza kazini, ingawa aliambiwa asimsindikize. Gari la mikate lilikuwa tayari limepakiwa, milango ya nyuma imefungwa, joto la tanuri bado linapumua kwenye mabati. Bosi alisimama kando na mpwa wake, ambaye alikuja kwa matumaini. Mama Pacha alipanda, akakanyaga klachi kwa nguvu aliyoizoea, na pedali hii, laini kama siagi, ikagonga sakafu kwa kishindo. Akaachia alivyozoea. Gari likaruka, likazimika, na ndani makreti yakahama.

"Leseni unayo kweli?" bosi aliuliza.

"Ninayo."

"Hii ni mikate, mama. Si matofali."

Mpwa alisogea karibu kidogo. Mama Pacha alivuta pumzi, akaliwasha tena. Safari hii hakumtazama mtu. Aliupandisha mguu kidogo, akangoja, akaupandisha kidogo tena, na gari likaondoka kama gari linavyoondoka, bila kelele, makreti yametulia, kuelekea geti lililokuwa wazi.

Getini alikuwa amesimama Taratibu, katikati kabisa ya njia, mikono yote miwili juu, akimwelekeza kushoto, akimwelekeza kulia, akirudi nyuma kwa hatua ndogo kama mtu anayeingiza meli bandarini.

Mama Pacha alisimamisha gari mbele ya magoti yake na kutoa kichwa dirishani.

"Baba Pacha," alisema, "toka njiani. Mkate unapoa."

Akatoka.